Jumatatu, Saa Tatu Asubuhi

Karatasi ina safu saba, moja kwa kila siku, na mistari inayoukata mchana vipande vya nusu saa. Maafisa wa probesheni, wanaowasimamia wakosaji wanaotumikia adhabu nje ya gereza, wako mafunzoni, wamekaa wawili wawili, kila jozi na jalada la zoezi: mwanamke wa miaka 29, kosa la wizi, watoto watatu, mdogo ana miezi 14 na bado ananyonya. Amri yake ya mahakama ina masharti matano. Aripoti ofisini kila Jumatatu saa tatu asubuhi. Asihame makazi bila ruhusa. Afanye kazi za kijamii saa 4 kwa siku, siku tatu kwa wiki. Ahudhurie ushauri nasaha Alhamisi saa nane mchana. Jumamosi ahudhurie darasa la stadi za kazi, saa 2.

Wanachotakiwa kufanya ni kumjazia wiki yake.

Zoezi limeweka safari ya dakika 70 kwenda na 70 kurudi, kokote anakoitwa. Kazi za kijamii pamoja na safari zake ni saa 19. Kuripoti ni saa 3 na dakika 40, maana atasubiri kwenye benchi saa nzima kabla ya kuonwa kwa dakika 20. Ushauri nasaha ni saa 3 na dakika 20. Darasa ni saa 4 na dakika 20. Jumla ni saa 30 na dakika 20 kwa wiki, safari sita, bila malipo yoyote. Na hapo hajapika, hajampeleka mtoto shule, hajatafuta riziki.

Kufikia safu ya tatu penseli zilisimama. Afisa mmoja, mtu wa miaka mingi kazini na asiye na roho mbaya hata kidogo, akavunja ukimya: "Basi awe anaomba ruhusa mapema."

Vichwa vingi viliitikia.

Sentensi hiyo imenikaa kichwani kwa wiki kadhaa. Si ya ukatili. Ni ya busara, na ndiyo maana inasumbua. Aombe kwa simu ya nani? Na akiomba mara ngapi ndipo jaladani iandikwe "hana ushirikiano"?

Nani aliyaandika haya?

Zoezi lina sehemu ya pili, ambayo washiriki hawaambiwi mpaka wakwame. Wanafungua nyuma ya jalada na kusoma ripoti ya uchunguzi wa kijamii, ile aliyoiandika afisa kabla ya hukumu. Kati ya masharti matano, mawili tu, kuripoti na kutohama, ni ya mahakama yenyewe. Matatu yaliyobaki yametoka kwenye mapendekezo ya afisa, karibu neno kwa neno.

Na kila moja liliandikwa kwa nia njema. Ushauri nasaha, kwa sababu alipigwa na mwenzi wake kwa miaka. Darasa, kwa sababu hana kipato. Kazi za kijamii siku tatu, kwa sababu hakimu anapenda kuona pendekezo lenye uzito.

Msaada ukishapita mahakamani unageuka amri.

Hapo ndipo mafunzo mengi ya kuwahudumia wanawake yanapopita kwa haraka. Kanuni za Tokyo kuhusu hatua zisizo za kifungo, zilizopitishwa na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa mwaka 1990, zinataka masharti yawe yanayotekelezeka, bayana, na machache kadiri inavyowezekana. Maafisa wengi wanaijua kanuni hiyo. Kinachokosekana ni tabia ya kuhesabu, kwa saa na kwa nauli, kabla ya kuandika.

Kwa hiyo pembeni mwa kila pendekezo mshiriki anaandika mistari mitatu. Wa kwanza: sharti hili linazuia kosa gani? Wa pili: linakula saa ngapi na safari ngapi, na mtoto anabaki na nani? Wa tatu: asipolitimiza, nini kinamfuata? Ikiwa jibu la kwanza ni "litamsaidia tu" na la tatu ni "atarudishwa mahakamani", hilo halifai kuwa sharti. Linahamia kwenye mpango wa kazi, ambao si sehemu ya amri, mahali ambapo anaweza kulikataa leo na kulikubali baada ya miezi miwili bila mtu kumshtaki.

Inaonekana ni tofauti ndogo ya makaratasi. Kwa mwanamke mwenye mtoto wa miezi 14 inaweza kuwa tofauti kati ya kulala nyumbani kwake na kulala gerezani.

Siku tatu na cheti

Ratiba ya kawaida ya mafunzo haya inajulikana: siku ya kwanza jinsia na sheria, siku ya pili ukatili na afya ya akili, siku ya tatu mipango ya utekelezaji, picha ya pamoja, vyeti. Katikati kuna kikao cha Kanuni za Bangkok, zile za Umoja wa Mataifa kuhusu wanawake wafungwa na wakosaji. Zilipitishwa Desemba 2010, ziko 70, na zile za 57 hadi 66 zinahusu hatua zisizo za kifungo. Kanuni ya 60 inasema wazi kwamba programu za wanawake hawa zizingatie malezi ya watoto na huduma za wanawake peke yao. Slaidi inaonyeshwa, inasomwa kwa sauti, inapita. Hakuna anayeinua mkono kuuliza mtoto atakaa na nani Alhamisi saa nane.

Mtihani wa mwisho unaonyesha maarifa yamepanda. Mwezi mmoja baadaye mahojiano yanafanywa kama zamani, kwa sababu afisa aliongezewa maneno na mikono yake haikuzoezwa lolote.

Kanada walilitazama jambo hili kwa makini. Watafiti waliorekodi mazungumzo ya maafisa na wateja wao, yaani watu wanaowasimamia, huko Manitoba waliona kwamba muda mwingi ulikwenda kwenye masharti ya amri, na kwamba pale mazungumzo ya masharti yalipozidi dakika 15 katika kikao, wateja walirudia makosa zaidi. Baadaye likabuniwa funzo la siku tatu, lakini siku tatu zilikuwa mlango tu: baada yake maafisa walikutana kila mwezi kufanya mazoezi, wakatuma rekodi za vikao vyao na kurudishiwa maoni. Hivyo ndivyo ufundi unavyojengwa. Hakuna anayejifunza kushona kwa kutazama picha za nguo.

Kazi hii, tukumbuke, ilianza na fundi viatu. John Augustus wa Boston alimdhamini mlevi mmoja mahakamani mwaka 1841 badala ya kumwacha afungwe. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1907 ikaja kumpa afisa wa probesheni wajibu wa kushauri, kusaidia na kuwa rafiki. Fomu zilifuata baadaye, na sasa ndizo zinazotangulia.

Kiti kilicho karibu na mlango

Ningepewa siku moja tu ya mafunzo, ningeitumia yote kwenye mahojiano ya kwanza. Yafanyike kama igizo dhima, watu watatu watatu, huku mtu wa tatu akiandika anachokiona badala ya anachokihisi.

Mpangilio wa chumba kwanza. Mwanamke akae mahali anapouona mlango, na afisa asiwe kati yake na mlango huo. Mlango ufungwe, ila usipigwe kufuli. Aulizwe kama angependa kuzungumza na afisa mwanamke, na aulizwe kabla hajaanza kueleza, maana katikati ya maelezo hatathubutu. Mtoto anayeweza kuongea asiwepo wakati wa maswali ya ukatili, kwa kuwa atayarudia nyumbani. Aliyemsindikiza asubiri mbali, hata akijitambulisha kama mume au kaka. Hasa akijitambulisha hivyo.

Kisha mipaka ya siri, kabla ya swali la kwanza. Si baada ya kulia. "Nitakuuliza mambo ya maisha yako. Utakayosema nitayaandika kwenye ripoti inayosomwa na hakimu. Ukiniambia mtoto yuko hatarini, sitaweza kukaa kimya. Swali lolote unaweza kulikataa." Maafisa wengi hulichelewesha tamko hili wakihofu mtu atanyamaza. Wengine hunyamaza kweli, na ni haki yao. Lakini anayeongea baada ya kulisikia anajua anachokitoa, na hatajiona amesalitiwa siku ripoti itakaposomwa hadharani.

Maswali yanapangwa kutoka mepesi kwenda mazito, kisha yanarudi mepesi: makazi, watoto, siku yake inavyokwenda, kosa lenyewe, mahusiano, afya, na mwisho kesho atafanya nini. Yagawanywe vikao viwili vya saa moja moja badala ya kimoja cha saa mbili. "Kwa nini hukuondoka?" lifutwe kabisa kinywani, mahali pake aulizwe "Ulipojaribu kuondoka, nini kilitokea?" Swali la pili linaleta habari za kutishiwa, za fedha kushikwa, za mtoto kunyang'anywa. La kwanza linaleta kimya.

Kuna jambo ambalo wengi hawafundishwi: aulizwe kama amewahi kukabwa koo au kupigwa kichwani mpaka kupoteza fahamu. Majeraha ya ubongo huathiri kumbukumbu, usingizi na uwezo wa kupanga mambo. Mtu wa namna hiyo atasahau miadi hata akiipenda. Jaladani anaandikwa "mzembe", wakati alichohitaji ni tarehe kwenye karatasi, ujumbe wa kumkumbusha siku moja kabla, na agizo moja kwa kikao badala ya sita.

Akianza kutazama ukutani, kujibu kwa neno moja, kupumua juu juu, ongea yake ikapoa ghafla, afisa aache swali. Asimshike bega. Ataje mahali walipo na siku ya leo, ampe maji, amwulize kama wapumzike au wasimamishe. Dakika tano za mwisho zisiwe na swali zito lolote. Asitoke mlangoni akiwa wazi kama kidonda.

Shaka yangu

Hapa ndipo sina uhakika tena, na nimelizungusha jambo hili muda mrefu.

Tukimfundisha afisa kuuliza vizuri, ataambiwa mengi. Akiambiwa mengi, ataandika mengi. Na kadiri ripoti inavyojaa machungu ndivyo mwanamke anavyoonekana wa hatari zaidi: alibakwa akiwa mdogo, anakunywa ili alale, amewahi kujaribu kujiua, anaishi na mtu mkorofi. Hakimu anasoma, anatikisa kichwa kwa huruma, anaongeza masharti. Uangalizi unakuwa mkali kwa sababu aliumizwa sana, kosa lake likiwa lilelile dogo.

Je, mafunzo mazuri yanaweza kumdhuru? Nadhani yanaweza, yakiishia kwenye kusikiliza.

Mzizi mmoja uko kwenye fomu za tathmini, zinazompa mtu alama za hatari. Nyingi zinazotumika duniani zilijengwa kwa takwimu za wanaume, kwa kuwa ndio waliojaa magerezani, kisha zikapelekwa kwa wanawake kama zilivyo. Ukosefu wa kazi unapata alama, iwe mtu hafanyi kazi kwa kupenda genge au kwa kulea mapacha. Kuhama makazi mara nne kunapata alama, hata kama kila mara alikuwa anamkimbia mtu. Chuo Kikuu cha Cincinnati nchini Marekani kilitengeneza tathmini ya wanawake inayouliza pia kuhusu kiwewe, msongo wa malezi, usalama wa nyumba, na nguvu alizo nazo mhusika. Ni hatua kubwa. Lakini hata fomu hiyo, mikononi mwa asiyefundishwa nini cha kufanya na majibu, huzaa masharti.

Nilichokubali mpaka sasa, kwa shingo upande, ni safu tatu zisizochanganywa katika ripoti. Hatari kwa watu wengine: afisa aandike ushahidi, na kama hakuna, aandike "hakuna". Hatari inayomkabili yeye: nani, lini, ya mwisho ilikuwa lini. Mahitaji: anachotaka yeye, kwa maneno yake. Safu ya kwanza pekee ndiyo inayoweza kupandisha ukali wa uangalizi. Ya pili inadai ulinzi, ya tatu inadai huduma.

Halafu zoezi la kalamu. Washiriki wanapewa sentensi: "Ana historia ya mahusiano yasiyo imara na hubadilisha makazi mara kwa mara." Waiandike upya kwa ukweli uleule. Mmoja akiandika "Amehama mara nne katika miaka miwili ili kujiepusha na mwenzi aliyekuwa akimpiga, kila mara alihama na watoto wake wote," chumba kinaona kilichobadilika. Hakuna kilichofichwa. Mwanamke aliyekuwa mzururaji amekuwa mlinzi wa watoto.

Na mengine yasiandikwe kabisa. Jambo la ubakaji wa utotoni lisilogusa pendekezo lolote halina kazi katika ripoti itakayosomwa mbele ya jirani zake. Aulizwe mwenyewe kama anataka hakimu alijue.

Simu ya mume

Simu inalia ofisini. Sauti ya upole: "Afisa, huyu mama wa kwangu jana hakulala nyumbani. Nimeona nikuarifu."

Afisa asiyefundishwa hushukuru na kuandika.

Afisa aliyefundishwa anajua kwamba mwanaume mwenye mkono mzito akigundua mwenzake yuko chini ya amri, amepata fimbo mpya. Hahitaji kumpiga tena; anamwambia tu, "Nitampigia afisa wako." Anamficha nauli Jumatatu asubuhi. Anamnyang'anya simu ili asipate kuomba ile ruhusa ya mapema.

Jibu la simu ni fupi na linafanyiwa mazoezi mpaka litoke bila kufikiri: afisa anasikiliza, hathibitishi kwamba anamfahamu mtu huyo, hatoi tarehe ya miadi, anaandika saa na maneno yaliyosemwa, anakata. Kisha anamtafuta mwanamke kupitia njia salama waliyokubaliana siku ya kwanza. Ndiyo sababu fomu ya mawasiliano isiulize "namba ya simu" tu. Iulize simu hiyo nani mwingine huipokea, ujumbe wa maandishi nani huusoma, saa zipi ni salama, na afisa ajitambulishe vipi akijibiwa na mtu mwingine. Maswali manne, dakika tatu.

Akikosa mara moja

Jumatatu saa tatu hajatokea. Saa nne hajatokea. Hapa mafunzo yanapaswa kuwa na hatua kamili, kwa kuwa hasira ya afisa aliyedharauliwa huja haraka kuliko hekima yake.

Siku hiyohiyo, njia salama ya mawasiliano. Kabla ya kuuliza "kwa nini hukuja", aulizwe "uko salama?" Halafu sababu itafutiwe mahali pake: hakuweza, hakujua, au hakutaka. Asiyeweza anabadilishiwa saa, mahali, au siku mbili zinaunganishwa ziwe moja. Asiyejua anaandikiwa upya kwa lugha anayoielewa. Asiyetaka anaitwa, na hata huyo aulizwe ni kitu gani kwenye kikao anakikimbia, maana wakati mwingine ni yule mwanaume anayekaa naye benchi moja la kusubiri. Kanuni za Tokyo zinasema kushindikana kwa hatua isiyo ya kifungo kusimpeleke mtu kifungoni moja kwa moja. Barua ya kukiuka masharti ije baada ya hatua hizi, na itaje zote: kilichojaribiwa, lini, na matokeo.

Kazi za kijamii zina kasoro zake, na nitazitaja kwa kifupi kwa sababu zinarekebishika asubuhi moja. Afisa aende akaone mahali kabla ya kumpeleka mtu. Kuna choo chenye mlango? Msimamizi wa eneo ni nani, na akimsumbua mwanamke malalamiko yanakwenda kwa nani asiyekuwa yeye? Mjamzito asibebeshwe mizigo. Anayenyonyesha apate pa kunyonyeshea au apangiwe saa fupi.

Na rufaa ya kumpeleka kwenye huduma nyingine isiwe karatasi. Afisa apige simu kituoni mwanamke akiwa ameketi hapo, ataje jina la atakayempokea, saa, na jengo. Kikaratasi chenye anwani huishia mfukoni.

Msimamizi aliyebaki ofisini

Kinachoua mafunzo haya, zaidi ya bajeti, ni kwamba mkuu wa kituo hakualikwa. Afisa anarudi na mahojiano ya vikao viwili, mkuu anamuuliza kwa nini ripoti moja inachukua siku mbili. Anaandika ripoti bila sharti la ushauri nasaha, mkuu analirudisha kwa wino mwekundu. Kwa hiyo wakuu wafundishwe kwanza, siku moja mbele, na wapewe kazi: kila mwezi wakae na kila afisa kwa saa moja, jalada moja la mwanamke mezani, waulize mistari ile mitatu. Saa hiyohiyo itumike kuuliza afisa analalaje. Asikilizaye ukatili kila siku huanza ama kuota ndoto za wateja wake, ama kutosikia tena.

Neno "mteja" lenyewe linanichekesha kidogo. Mteja hujichagulia duka.

Narudi kwenye ile karatasi. Katika duru ya pili, washiriki hupewa kifutio. Kazi za kijamii zinashuka kutoka siku tatu za saa 4 hadi mbili za saa 6, na safari moja inakufa. Kuripoti kunahamia Jumamosi, palepale penye darasa na siku ileile, ikiwa ofisi itakubali kufungua. Darasa linakuwa la hiari. Ushauri nasaha nao unatoka kwenye amri na kubaki kwenye mpango, kwa sababu mwanamke wa kwenye jalada ameandikiwa kwamba anautaka.

Afisa yule wa "aombe ruhusa" ndiye aliyefuta mengi zaidi. Alibaki ameshika penseli juu ya kisanduku cha Alhamisi, saa nane. Mwanamke anataka kwenda, kituo kipo, mshauri yupo. Mtoto wa miezi 14 hana wa kukaa naye, na kituo hakipokei watoto.

Aliandika alama ya kuuliza, akaacha hapo.